Ufunguo wa chaki ya drili umepotea: nitalegezaje na kukaza biti bila kuiharibu mashine?

SeremalaWaMoro ameuliza:

Habari zenu mafundi wenzangu. Naomba msaada kuhusu drili yangu ya umeme ambayo nimeitumia karibu miaka tisa katika karakana yangu ndogo hapa Morogoro. Ni drili ya waya, siyo ya betri. Inazunguka mbele na nyuma, na chaki yake (nasema chaki kwa maana ya kile kichwa kinachobana biti, si ile ya kuandikia ubaoni) inapokea biti za hadi milimita 13. Ni chaki ya aina ya zamani, inayofunguliwa kwa ufunguo wenye meno. Ufunguo huo sinao tena. Ninashuku kwamba ulianguka kwenye maranda siku ya Jumamosi, na maranda yote yalikwisha kuchukuliwa na jirani anayefuga kuku kabla sijagundua.

Ufunguo umepotea wakati biti ya milimita 10 imo ndani, nayo imekazwa kwa nguvu kwa sababu nilikuwa ninatoboa miguu ya vitanda vya mninga. Nimejaribu kuizungusha pete ya nje kwa mikono miwili nikashindwa. Nimejaribu plaizi, ikateleza na kuacha mikwaruzo mibaya. Kijana ninayemfundisha kazi alichomeka msumari wa inchi nne kwenye tundu la ufunguo akitaka kuutumia kama mtaimbo, na msumari ukapinda. Rafiki yangu wa karakana ya jirani ananiambia niishike chaki kwa mkono mmoja, niiweke drili kwenye rivasi, kisha nibonyeze swichi, eti itafunguka yenyewe. Sijathubutu.

Nina vitanda sita vya kumaliza kabla ya mwisho wa mwezi. Ningependa kujua namna ya kuitoa biti hii leo, na kama kuna njia ya kuaminika ya kukaza biti nyingine bila ufunguo wakati ninatafuta mwingine. Pia nishaurini: ninunue ufunguo, au nibadilishe chaki nzima niweke ile ya kukaza kwa mkono?

---

FundiMitambo_Tanga amejibu:

Ndugu Seremala, pole kwa usumbufu. Umefanya vema kutobonyeza swichi. Kabla ya jambo lolote, chomoa plagi kwenye soketi. Sisemi uzime swichi ya ukutani, nasema uichomoe plagi kabisa na kuiweka mahali unapoiona. Drili nyingi za aina yako zina kitufe kidogo ubavuni mwa mpini ambacho huifunga swichi ibaki imebonyezwa. Umeme ukikatika kitufe kikiwa kimefungwa, utakaporudi mashine itaanza kuzunguka bila kuulizwa, na sote tunajua umeme wetu hauagi unapokwenda wala haubishi hodi unaporudi.

Sasa tuje kwenye chaki. Ili uifungue bila ufunguo, ni lazima uelewe ufunguo wenyewe hufanya nini. Ndani ya mwili wa chaki mna taya tatu zilizolala kwenye mifereji ya mshazari inayokutana mbele. Mgongo wa kila taya umechongwa hesi (mifereji ya kuzunguka kama ya skrubu), na hesi hizo zimeshikana na nati ya mduara iliyobanwa ndani ya pete ya nje. Pete ikizunguka, nati inazunguka nayo, na taya ama zinasukumwa mbele zikakaribiana, ama zinarudishwa nyuma zikaachana. Ufunguo una ncha laini ya mviringo ambayo huingia kwenye tundu la mwili wa chaki, na nyuma ya ncha hiyo kuna kigurudumu chenye meno kinachosukuma meno ya pete. Kwa hiyo ufunguo hufanya kazi mbili kwa mpigo mmoja: unauzuia mwili usizunguke, na papo hapo unaizungusha pete. Wewe ulipotumia mikono na plaizi uliisukuma pete, lakini hapakuwa na kitu kilichouzuia mwili, hivyo nguvu yako iliishia kuzungusha shafti, yaani mhimili unaobeba chaki. Kijana wako naye aliushika mwili bila kuigusa pete. Mngefanya yote mawili kwa wakati mmoja, huenda biti ingekwisha kutoka.

Basi fanya hivi. Tafuta bolti au kitako cha biti iliyokwisha makali, kinachoingia kwenye tundu la ufunguo bila kuchezacheza. Msumari haufai kwa sababu ni chuma laini na mwembamba, lakini kitako cha biti ni chuma kigumu. Kiache kitokeze nje kama sentimita nane au kumi. Ilaze drili juu ya benchi, wewe ukiwa umesimama upande wa taya na biti ikikutazama. Zungusha chaki taratibu mpaka kile kitako kiwe upande wako wa kushoto na kuegemea benchi. Hapo mwili wa chaki hauwezi tena kuzunguka kinyume cha saa, na mikono yako yote miwili imebaki huru kwa ajili ya pete.

Kwa upande wa pete, usirudie plaizi kavu. Kata ukanda wa tyubu ya baiskeli wenye upana wa vidole viwili na urefu wa nusu mita, uzungushie pete kwa kuuvuta sana hadi ukanda wenyewe ujibane, kisha juu yake ndipo ushike kwa spana ya mabomba. Iliyo bora zaidi ni ile spana ya mkanda ambayo mafundi wa magari hufungulia filta ya mafuta, kwa maana inabana mzunguko mzima wa pete bila kuikwaruza. Gereji yoyote hapo mjini haitakosa moja, na kuiazima kwa dakika kumi si jambo la kukosana na mtu. Geuza kinyume cha saa, ukiwa bado unaitazama chaki kutoka mbele. Anza kwa kuvuta polepole na kwa uthabiti. Ikikataa, mtu mwingine aigonge pete kwa nyundo ya mbao kuizunguka huku wewe unaendelea kuvuta. Mapigo hayo yawe mepesi tu, ya kuamsha hesi.

Kama bado ni ngumu, simamisha drili chaki ikitazama juu, udondoshe matone mawili matatu ya mafuta ya kulegeza kutu katikati ya taya, uache mpaka kesho asubuhi. Usiyamimine, kwa maana yatateremka hadi kwenye giaboksi na kuyeyusha grisi iliyomo.

Watu wengine hutumia bisibisi ya nyota: wanaisukuma kwenye tundu, mabawa yake yanashika meno ya pete, kisha wanaizungusha kama ufunguo. Njia hiyo hufanya kazi kwa chaki iliyokazwa kidogo, lakini yako imekazwa kwa ajili ya mninga, na ukilazimisha utavunja jino la pete au utaitafuna ncha ya bisibisi. Itumie ikiwa huna lingine.

Kuhusu kukaza bila ufunguo, jibu langu ni tofauti kabisa na hili la kulegeza. Kulegeza kwa vifaa vya kubuni kunaruhusiwa, kwa sababu ukishindwa hupotezi kitu zaidi ya muda. Kukaza kwa vifaa vya kubuni kuna gharama, kwa kuwa kosa lake hujitokeza baadaye, mashine ikiwa inazunguka. Biti ambayo haikubanwa sawasawa itateleza ndani ya taya, taya zitachora kitako chake, na taya zenyewe zitalika kwenye ukingo. Chaki iliyokwisha kulika hivyo haitabana vizuri tena hata ukiipatia ufunguo mpya. Kwa biti ya milimita 4 au 5 kwenye mbao laini, waweza kukaza kwa bolti na tyubu hiyo hiyo, safari hii ukigeuza kufuata saa. Kwa biti ya milimita 10 kwenye mninga, nakusihi usifanye hivyo.

---

KaziYaMkono254 amejibu:

Hamjambo. Mimi niko Nairobi na ninafanya kazi ya kufunga pazia, rafu na televisheni ukutani. Kwa heshima zote, naona mzee wa Tanga amemzungusha ndugu yetu mbali mno. Kila siku mimi huishika chaki kwa mkono wa kushoto na kubonyeza swichi kwa mkono wa kulia: nikiweka mbele inakaza, nikiweka rivasi inafungua. Nimefanya hivyo kwa zaidi ya miaka minne na vidole vyangu vyote kumi vipo. Kinachohitajika ni kubonyeza swichi kidogo tu ili mashine izunguke polepole. Mambo ya tyubu na filta ya mafuta ni ya mtu mwenye siku nzima ya kupoteza.

---

BintiKarakana amejibu:

Assalaam alaikum nyote. Kaka wa Nairobi, usemayo ni kweli kwa mashine yako, na ndiyo sababu inafaa tuitenganishe na mashine ya ndugu Seremala kabla mtu hajaumia.

Bila shaka wewe unatumia drili ya betri yenye chaki isiyohitaji ufunguo. Pete yake ni pana, mara nyingi ni ya plastiki au imezungushiwa mpira, na haina meno. Ikiwa kwenye gia namba moja, drili ya namna hiyo kwa kawaida haizidi mizunguko mia nne au mia tano kwa dakika hata ukibonyeza swichi mpaka mwisho, na ina klachi unayoweza kuishusha hadi namba ya chini ili ijiachie mapema. Drili ya waya yenye chaki ya milimita 13 aliyo nayo Seremala ni mnyama mwingine. Nyingi katika hizo hufikia mizunguko 2,800 kwa dakika, hazina klachi ya kujiachia, na pete yake ina meno ya chuma yaliyochongoka kuelekea kwenye kiganja cha anayeishika. Na katika hali yake biti imekwama, maana yake pete haitateleza kwa hiari: kitakachozunguka ni kiganja, au kifundo cha mkono.

Nasema haya kwa kuwa yamenipata. Mwaka wangu wa pili katika kazi nilifanya hivyo hivyo kwenye drili ya waya, nikiwa nimevaa glovu za kitambaa, nikiamini kwamba glovu ni kinga. Meno ya pete yaliidaka glovu, glovu ikauvuta mkono, na kabla sijaachia swichi ngozi ya kiganja ilikuwa imevuka kuanzia chini ya kidole gumba. Mashine ilinifundisha adabu. Tangu siku hiyo sivai glovu karibu na kitu kinachozunguka, na simruhusu mwanafunzi wangu kushika chaki yoyote mashine ikiwa na umeme.

Hata kwa drili za betri, vitabu vya maelezo vya watengenezaji kadhaa vinakataza waziwazi kukaza biti kwa kushika sehemu ya mbele ya chaki huku swichi imebonyezwa, kwa sababu huharibu chaki na huweza kumjeruhi mtumiaji. Najua wengi wetu kitabu hicho hukitupa pamoja na boksi.

Kwa kuwa chaki zisizo na ufunguo zimetajwa, niongeze jambo ambalo nimeona likiwachanganya wengi. Kuna zilizo na pete moja na kuna zilizo na pete mbili. Ile ya pete mbili ina pete ya nyuma unayoishika kwa mkono mmoja na ya mbele unayoizungusha kwa mkono mwingine. Ukiizungusha ya mbele peke yake, shafti nzima itazunguka na utadhani imekwama. Ile ya pete moja inategemea shafti ijifunge yenyewe mota inapokuwa imesimama, kwa hiyo mkono mmoja hushika mpini na mwingine huzungusha pete. Nyingine zina kufuli la ndani linalotoa mlio wa kukwaruza kama wa saa ya mezani unapokaza. Watu husikia mlio huo wakaogopa na kuachia, hali bado hawajafika. Endelea kuzungusha mpaka isiende tena. Unapofungua, utasikia mlio wa kwanza wa kufuli kuachia, na baada ya hapo pete inakuwa nyepesi.

Na ikikwama, sababu ya kawaida ni vumbi la zege, hasa kwa wanaotoboa dari huku mashine ikitazama juu, vumbi lote likaingia kwenye taya. Ifungue mpaka mwisho, igeuze itazame chini, uigonge kwa kiganja, uipulize kwa pampu ya baiskeli, kisha uifungue na kuifunga mara kadhaa. Msiitie mafuta mengi mkidhani mnaisaidia, kwa sababu vumbi na mafuta vikichanganyika huwa kama udongo wa mfinyanzi.

---

KaziYaMkono254 amejibu:

Dada, nimekuelewa na ninakubali kwamba sikuuliza ni drili ya aina gani. Yangu ni ya betri kweli. Pole sana kwa huo mkono.

---

SeremalaWaMoro amejibu:

Shikamoo mzee wa Tanga, na wa alaikum salaam dada. Biti imetoka. Sikupata spana ya filta siku ile ile, hivyo nilitumia tyubu na spana ya mabomba, na kitako cha biti ya milimita 6 kwenye tundu. Mara ya kwanza niligeuza upande usio wake, kwa sababu nilikuwa nimesimama nyuma ya mashine nikasahau kwamba maelezo yalikuwa ya mtu anayetazama kutoka mbele. Niliposimama upande wa biti na kugeuza tena, kijana wangu akiwa anaigonga pete kwa nyundo ya mbao, ilitoa mlio mmoja mkavu ikaachia. Meno hayakuvunjika.

Vitanda bado vinanisubiri, na mnunuzi ameshapiga simu mara mbili. Je, nifanyeje siku hizi mbili tatu kabla sijapata ufunguo? Na nitajuaje ni ufunguo upi unaoifaa chaki yangu? Duka la kwanza nililoingia waliniwekea mezani funguo tano zinazofanana wakaniambia nichague.

---

FundiMitambo_Tanga amejibu:

Marahaba, kijana wangu. Hilo la kusimama nyuma huwapata hata wakongwe, usijilaumu.

Kwa siku hizi mbili, kuna njia tatu ninazoziamini. Ya kwanza ni kutumia biti yenye kitako cha pembe sita badala ya cha mviringo. Taya zako ni tatu, na kila moja hukaa juu ya ubapa mmojawapo, kwa hiyo hata ukiikaza kwa tyubu peke yake haitazunguka ndani ya chaki kama ile ya mviringo. Ya pili ni kutoboa kwa hatua: anza na milimita 4, fuata na 6, halafu umalizie na 10. Biti ya mwisho inakuta kazi kubwa imekwisha kufanyika, na haihitaji kubanwa kwa nguvu uliyozoea. Tazama kitako kila baada ya matundu machache. Ukiona michoro mipya ya mduara juu yake, ujue inateleza, na uache.

Ya tatu wengi wataicheka, lakini kama mzee wako au jirani yako bado ana keekee ya mkono, ile yenye mpini uliopinda katikati, iazime. Kichwa chake kinafunguka na kukaza bila ufunguo wowote, maana unashika ganda la mbele kwa mkono mmoja na kuuzungusha mpini kwa mwingine. Inahitaji biti zake zenye kitako cha pembe nne, hivyo iazime pamoja na biti. Miguu ya vitanda sita ni kazi ya asubuhi moja kwa mtu mwenye mabega.

Sasa ufunguo. Funguo hutofautiana kwa vipimo viwili, nao ni unene wa ile ncha inayoingia kwenye tundu na ukubwa wa kigurudumu pamoja na idadi ya meno yake. Pima tundu la chaki kwa kalipa, au, kama huna, tafuta kitako cha biti kinacholingana nalo barabara na usome namba iliyoandikwa juu ya biti hiyo. Ukiisha kupata ncha inayofaa, angalia meno. Ncha ikiingia lakini meno yakakaa juu juu ya meno ya pete, ufunguo huo si wake, hata muuzaji akisema nini. Ncha ikiwa nyembamba kuliko tundu, ufunguo utalala upande unapokaza na utakula meno ya pete mpaka yawe kama ya mzee. Dawa ya kweli ni kuibeba drili yenyewe hadi dukani. Najua ni mzigo, na kutoka Msamvu hapo Morogoro hadi Gerezani, Dar es Salaam, si karibu kwa ajili ya chuma chenye ukubwa wa kidole, lakini ukifika huko na mashine mkononi utajaribu mpaka upate. Ziko pia funguo za msalaba zenye ncha nne za ukubwa tofauti. Zinasaidia kwa mtu mwenye drili nyingi, ila mpini wake ni ile mikono mingine ya msalaba, nayo inaumiza vidole unapokaza sana.

Ukiupata, kaza kwenye matundu yote matatu. Nimefanya kazi na watu wa miaka ishirini kwenye ufundi ambao hukaza tundu moja na kuondoka. Unapokaza tundu moja, ufunguo huisukuma pete upande mmoja na msuguano hula sehemu ya nguvu yako. Ukihamia tundu la pili utashangaa kwamba pete inaenda tena robo ya jino au zaidi, na la tatu vilevile. Huenda sababu iliyokufanya uikaze biti ile mpaka ikwame ni kwamba ulizoea kutumia tundu moja na nguvu nyingi, badala ya matatu na nguvu ya wastani.

Nikumbushe pia kwamba ufunguo usiachwe kwenye chaki hata kwa sekunde. Mashine ikianza, huo hugeuka kuwa jiwe la teo. Ufunge kwenye waya wa drili, na uufunge karibu na plagi, wala usiwe karibu na mpini. Ukiwa karibu na plagi, huwezi kuufikisha kwenye chaki bila kwanza kuchomoa plagi ukutani. Tumia mpira au kamba. Usifungie kwa waya wa chuma, kwa kuwa utakwangua ganda la waya wa umeme.

Nitoke nje ya mada kidogo. Chaki hii ya taya tatu na ufunguo wa meno ni ya mtu mmoja wa Connecticut, Marekani, aitwaye Arthur Irving Jacobs, aliyepewa hataza mwaka 1902. Inasimuliwa kwamba alichoka kuchubuka vifundo vya vidole kwenye chaki za zamani zilizokazwa kwa spana. Drili ya mkononi yenye umbo la bastola ilikuja miaka kumi na kitu baadaye. Kwa hiyo hicho ulichokipoteza kwenye maranda kilibuniwa hasa ili vidole vya fundi visiumie, na ndiyo maana huniona nakereka watu wanaposhauriwa kurudi kwenye vidole.

---

BintiKarakana amejibu:

Mzee amemaliza habari za ufunguo. Mimi nijibu lile la kubadilisha chaki, kwani nimelifanya mara mbili.

Inawezekana. Tazama ubavuni mwa chaki utaona maandishi ya ukubwa wa hesi. Kwenye drili kama yako mara nyingi ni 1/2-20 UNF (kipenyo cha nusu inchi, hesi 20 kwa kila inchi), na chaki mpya ni lazima iwe na hesi hiyo hiyo. Fungua taya mpaka mwisho, uchungulie ndani kwa tochi. Kwa kuwa mashine yako ina rivasi, utaona skrubu katikati, chini kabisa. Skrubu hiyo ina hesi za kushoto, yaani inafunguka kwa kugeuza kufuata saa, kinyume cha skrubu zote ulizozizoea. Imewekwa hivyo ili chaki isijifungue mashine inapozungushwa rivasi. Ukiisha kuitoa, bana alenki kubwa (ufunguo wa pembe sita uliopinda kama herufi L) kwenye taya, mkono wake mrefu ukitokeza pembeni, uugonge mara moja kwa nguvu kwa nyundo ya mbao kuelekea kinyume cha saa ukitazama kutoka mbele. Chaki yenyewe ina hesi za kawaida, hivyo itaachia na utaimalizia kwa mkono.

Ila utakumbuka kwamba unahitaji ufunguo ili kuikaza hiyo alenki sawasawa, kwa hiyo kununua ufunguo huwezi kukukwepa. Na kwa maoni yangu, kwa seremala anayetoboa mninga na mkongo kwa biti nene, chaki ya ufunguo inabana kwa uhakika zaidi kuliko ile ya mkono ya bei ya kawaida. Anayebadilisha biti mara hamsini kwa siku, kama kaka wa Nairobi, ndiye mwenye sababu ya kuihama.

---

SeremalaWaMoro amejibu:

Nimerudi na taarifa. Ufunguo nimeupata, wa tatu kati ya niliojaribu. Wa kwanza ncha yake ilikuwa na nafasi ya kama milimita moja ndani ya tundu, na muuzaji alisisitiza kwamba ndivyo zilivyo, lakini nilipougeuza kidogo niliona ukilala upande kama mzee alivyoeleza. Nimeufunga karibu na plagi kwa ukanda uliobaki wa ile tyubu. Habari ya matundu matatu nimeihakiki kwa mikono yangu: baada ya kukaza la kwanza nilidhani imefika, na la pili likaenda tena.

Nilichungulia ndani kwa tochi nikaiona skrubu. Kichwa chake kimetafunwa vibaya, bila shaka na mtu aliyeitengeneza kabla yangu akigeuza upande usio wake. Je, niihangaikie?

---

BintiKarakana amejibu:

Iache. Chaki inabana, ufunguo unao, na skrubu hiyo haikusumbui mahali ilipo. Siku taya zitakapolika ndipo utaitafutia fundi wa kuitoboa.

---

FundiMitambo_Tanga amejibu:

Naunga mkono. Na siku hiyo ikifika, mwambie fundi huyo mapema kwamba hesi ni za kushoto.